Hasira yako usimtwishe kijana wa kaunta

Leo tutafakari hasira ya mtu aliyetoa fedha yake halali na hakupata alichokilipia. Ni hasira inayoeleweka, na kudai haki yako si dhambi. Swali letu la Jumapili hii ni moja tu: hasira hiyo tunampelekea nani?

Nianze na kisa kilichotokea mbali na kwetu. Ijumaa ya Julai 11, 2008, kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza simu yake mpya, iPhone 3G, katika nchi 21 kwa siku moja. Ile ya kwanza ilikuwa imetoka Juni 29, 2007, na dunia nzima ilikuwa imeisikia sifa yake. Nchini Marekani, simu mpya yenye gigabaiti 8 iliuzwa dola 199, kwa sharti kwamba mnunuzi asaini mkataba wa miaka miwili na kampuni ya simu ya AT&T. Watu walikesha nje ya maduka wakisubiri milango ifunguliwe.

Simu ile ilikuwa na sharti lake. Ukiitoa kwenye boksi haifanyi kazi mpaka iwezeshwe. Inaunganishwa na kompyuta yenye programu ya iTunes, kompyuta inawasiliana na seva za Apple kwa njia ya intaneti, seva zinaitambua simu na laini iliyomo ndani yake, kisha zinaifungua. Kabla ya hapo simu haipigi popote isipokuwa namba ya dharura. Unaweza kuwa umelipa kila senti na risiti unayo mfukoni, lakini mpaka ile seva ya mbali ikubali, ulichoshika ni kioo tu.

Mwaka 2007 wateja waliifanya kazi hiyo wenyewe nyumbani, na baadhi yao walisubiri zaidi ya siku nzima simu zao zifunguke. Mwaka 2008 utaratibu ulibadilishwa. Kwa kuwa bei ilikuwa imeshushwa na kampuni ya simu ilikuwa ikibeba sehemu ya gharama, ilitakiwa mteja asaini mkataba na simu yake iwezeshwe palepale dukani kabla hajaondoka.

Asubuhi ile seva zikaelemewa. Kampuni ilikuwa imeweka mambo manne katika siku chache zilezile: simu mpya, programu mpya ya toleo la 2.0 kwa wenye simu za zamani, duka jipya la programu lililoitwa App Store, na huduma mpya ya intaneti iliyoitwa MobileMe. Foleni zikasimama. Nchini Uingereza nako mifumo ya kampuni ya O2 ikazidiwa. Hata watu waliokuwa wametulia nyumbani kwao na simu zao za mwaka uliopita, walipojaribu kuweka ile programu mpya, walijikuta simu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri jana yake imegoma, ikisubiri ruhusa kutoka kwenye seva isiyojibu.

Dukani, wahudumu wakaanza kuwaambia wateja waende na simu zao nyumbani, wakajaribu tena baadaye kwenye kompyuta zao wenyewe. Mtu aliyekesha barabarani akapewa boksi na ushauri wa kusubiri. Siku tatu baadaye, Jumatatu ya Julai 14, Apple ikatangaza kwamba imekwisha kuuza simu milioni moja za aina ile. Ile ya kwanza ilichukua siku 74 kufika idadi hiyo. Kwa wakubwa wa kampuni, kwa hesabu za mauzo, ilikuwa wikiendi ya ushindi.

Sasa, mpendwa, mfikirie yule mhudumu aliyesimama nyuma ya kaunta siku ile. Huenda ni kijana wa miaka ishirini na kitu, amevaa fulana ya kampuni, kazi yake ni kuuza. Hakuijenga seva. Hakupanga kwamba mambo manne yatoke kwa pamoja, wala hakushiriki kikao kilichopanga bei. Hajui seva itaamka saa ngapi. Anachokijua ni kilekile unachokiona wewe kwenye kioo cha kompyuta yake. Lakini uso wake ndio uso pekee wa kampuni ambao mteja anaweza kuufikia. Mkubwa aliyeamua yuko mbali, hana kaunta wala foleni mbele yake. Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Dukani, nyasi ni yule kijana.

Biblia inacho kisa kinachofanana sana na hiki, katika 1 Samweli sura ya 25. Daudi alikuwa jangwani na watu wake, akimkimbia Sauli. Huko watu wake walikaa jirani na wachungaji wa tajiri mmoja aliyeitwa Nabali, mwenye kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja. Hawakuwaibia kitu, bali waliwalinda usiku na mchana. Ilipofika siku ya kukata manyoya, siku ya kula na kunywa, Daudi akatuma vijana kumi waende kwa heshima, waombe chochote ambacho mkono wa Nabali ungeweza kutoa. Nabali akawatukana na kuwafukuza. Akamfanya Daudi aonekane mtumwa aliyemtoroka bwana wake.

Daudi alikuwa na haki ya kukasirika. Alikuwa ametoa huduma, akalipwa matusi. Lakini angalia alichofanya baada ya hapo. Aliwaambia watu wake wajifunge panga, akaondoka na watu mia nne, akaapa kwamba hata kufikia asubuhi hatamwacha hai mwanamume hata mmoja katika nyumba ya Nabali. Hakuapa juu ya Nabali peke yake. Aliijumuisha nyumba nzima.

Na ndani ya nyumba ile walikuwamo nani? Walikuwamo wale wachungaji. Mmoja wa vijana wa Nabali ndiye aliyekimbia kwa Abigaili, mke wa bwana wake, akamweleza kwamba watu wa Daudi walikuwa wema kwao, na walikuwa kama ukuta wa kuwazunguka. Kijana huyu alikuwa upande wa Daudi na aliijua haki ya Daudi. Kama Abigaili asingewahi kumkuta Daudi njiani na mikate yake, mvinyo na kondoo waliotayarishwa, upanga wa Daudi ungemkata mtu yuleyule aliyekuwa akimtetea.

Tulitafakari hilo kwa makini. Mara nyingi mtu wa kwanza kukutana na hasira yetu ndiye anayetamani zaidi kuliko wote tatizo letu liishe. Kijana wa kaunta anaombea seva irudi kuliko wewe, maana wewe utaondoka, yeye atabaki na hamsini wengine walio nyuma yako.

Tazama pia busara ya Abigaili. Hakumwambia Daudi kwamba hakukosewa. Alikiri wazi kwamba mumewe ni mpumbavu kama jina lake. Alichomwomba ni kwamba asijichafue. Alimkumbusha kwamba siku Mungu atakapomfanya mtawala, isije ikawa moyo wake unasumbuliwa na damu aliyoimwaga bila sababu. Daudi akasikia, akamshukuru Mungu aliyemtuma mwanamke yule, akarudi na jeshi lake bila kumgusa mtu. Deni la Nabali likabaki mikononi mwa Mungu, na siku kama kumi baadaye Mungu mwenyewe akalishughulikia.

Wapo watakaouliza: mbona Bwana wetu naye alikasirika, akapindua meza za wabadili fedha hekaluni? Ni kweli. Lakini soma Marko 11 polepole. Mstari wa 11 unaeleza kwamba Yesu aliingia hekaluni jioni, akatazama mambo yote pande zote, kisha akatoka kwenda Bethania kulala. Ni kesho yake aliporudi na kuyafanya yale. Hakulipuka mlangoni. Wala hakuwa akidai chake, kwamba alicheleweshewa huduma. Alitetea nyumba ya sala iliyokusudiwa kwa mataifa yote. Na wakuu wa makuhani waliposikia, walianza kutafuta namna ya kumwangamiza, kwa maana walielewa kwamba ujumbe ule uliwafikia wao waliokuwa na mamlaka juu ya mahali pale. Hasira ya Bwana ilipanda juu kwa wenye mamlaka. Hasira yetu sisi mara nyingi hushuka, ikamwangukia aliye chini yetu. Basi tusiitumie ile siku ya hekalu kama kibali cha kumfokea msichana wa keshia.

Kwa hiyo Mkristo anyamaze tu? Akubali kuibiwa, akisema ni mapenzi ya Mungu? Hapana. Kanisa la kwanza lilikuwa na malalamiko ya huduma, na Luka hakuyaficha. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa Wayahudi waliozungumza Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Wenzao wakanung'unika. Mitume hawakusema kwamba hao ni watu wasio na imani. Waliwaita wanafunzi wote, wakakiri kwamba wao hawawezi kufanya kila kitu, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wa kuisimamia kazi hiyo. Na wale saba, Stefano na wenzake, wote wana majina ya Kiyunani. Kazi ya kurekebisha iliwekwa mikononi mwa watu ambao wangeelewa kilio cha waliolalamika. Neno la Mungu likazidi kuenea.

Hapo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, lalamiko la haki ni zawadi kwa jumuiya, kwa sababu linaonyesha mahali palipobomoka. La pili, lalamiko huzaa matunda likimfikia mwenye uwezo wa kurekebisha. Wajane wale wasingepata chochote kwa kumtukana aliyeshika sufuria.

Neno hili linawagusa pia wakubwa, na wengi wenu mnaosoma safu hii ni wakubwa mahali fulani: una duka, una ofisi, una idara, una kwaya. Yesu, katika Luka 14, alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba sharti kwanza aketi na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza. Kule Apple, mwezi uliofuata, Steve Jobs aliyekuwa mkuu wa kampuni aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba lilikuwa kosa kuizindua MobileMe wakati mmoja na simu mpya, programu ya 2.0 na App Store. Ujumbe ule ulifika hadi magazetini. Ni vyema mkubwa akikiri. Lakini ni vyema zaidi akihesabu kabla, maana hesabu asiyoipiga yeye ofisini hulipwa na mdogo wake kaunta. Ukijua huduma yako itayumba kesho, usimwache kijana wako asimame peke yake mbele ya watu mia moja wenye hasira. Shuka mwenyewe, usimame naye, uwaambie watu ukweli.

Labda utasema hayo ni ya Wamarekani na simu zao za dola. Sisi tuna yetu. Hapa Tanzania tunakumbuka siku za usajili wa laini kwa alama za vidole. Tarehe ya mwisho ilikuwa Desemba 31, 2019, ikasogezwa hadi Januari 20, 2020. Ili usajili laini ulihitaji namba ya kitambulisho cha taifa, na foleni za vitambulisho zilikuwa ndefu alfajiri mpaka jioni. Wazee walisimama juani. Mama mwenye biashara ndogo alijua kwamba laini ikifungwa na mteja hampati tena, na fedha zake za simu ataanza kuzihangaikia. Hofu ile ilikuwa ya kweli.

Na ni nani aliyeyasikia maneno yetu? Mawakala waliokaa chini ya miavuli, na kimashine cha kusoma vidole mapajani. Kidole cha mzee aliyelima miaka hamsini kikikataa kusomeka, wakala ndiye aliyeulizwa kwa nini anamdharau mzee. Mtandao ukikatika, wakala ndiye aliyeitwa tapeli. Yeye hakuweka tarehe ya mwisho, wala mtandao haukuwa wake. Wengi wao walikuwa vijana wanaolipwa kwa kila laini wanayosajili, kwa hiyo mtandao ulipokatika, chakula chao nacho kilikatika.

Leo foleni zile zimepita, lakini kaunta zipo. Ipo ya benki, ya luku, ya hospitali, ya stendi ya mabasi. Na kila siku mahali fulani mtu anasema maneno matatu tunayoyajua sote: mtandao unasumbua ndugu. Hapo ndipo imani yetu inapopimwa, kuliko hata pale tunapoinua mikono wakati wa kusifu. Yule mhudumu hakuoni ukiwa kanisani. Anakuona Jumatatu. Huenda kwenye gari lako kuna maneno ya wokovu, shingoni una msalaba, na simu unayoidai ina picha ya askofu wako. Akikusikia unamwita mjinga, atajifunza kitu juu ya Kristo ambacho si cha kweli, na itamchukua mhubiri wa baadaye miaka mingi kukifuta.

Yakobo, katika sura ya 1 mstari wa 19 na 20, anatushauri tuwe wepesi wa kusikia, tusikimbilie kusema wala kukasirika, kwa sababu hasira ya mwanadamu haitendi haki ya Mungu. Ushauri huu tunaweza kuufanyia kazi kesho asubuhi kwa mambo machache.

Kwanza, salimia kabla ya kudai. Kwetu mtu hasemi shida yake kabla ya salamu, hata akiwa na haraka. Desturi hiyo ya wazee wetu isiishie mlangoni kwa duka la simu. Mwite kaka, dada, mwanangu, kwa kadiri ya umri wake. Ni vigumu kumtukana mtu uliyemwita mwanangu dakika moja iliyopita.

Pili, uliza swali ambalo mhudumu anaweza kulijibu. Ukimuuliza kwa nini kampuni yenu ni ya wezi, hana jibu. Ukimuuliza tatizo limeanza saa ngapi, nani anaweza kulitatua, na nifanye nini nikitoka hapa, utaondoka na kitu mkononi.

Tatu, lipeleke lalamiko lako juu, kwa maandishi. Tunza risiti, andika tarehe na saa, andika jina la tawi. Kwa huduma za simu, sheria zetu zinakupa nafasi ya kulalamika kwa kampuni yenyewe kwanza, na usiporidhika, kwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Barua tulivu yenye tarehe ina nguvu kuliko kelele za nusu saa, na hamwumizi asiye na hatia.

Nne, kama umesimama kwenye foleni na unamwona mwenzako anamshukia mhudumu, kuwa Abigaili. Huhitaji mikate mia mbili. Inatosha kusema kwa upole, mzee wangu, huyu kijana hana kosa, tusubiri pamoja. Neno moja la namna hiyo lilimzuia Daudi na panga mia nne.

Na wewe kijana unayesoma safu hii, unayerudi kaunta kesho, Mungu anakuona. Yule kijana wa Nabali hatutajiwi jina lake, lakini alisema ukweli kwa mtu sahihi, na kwa ukweli huo nyumba nzima ikapona. Wewe pia sema ukweli. Usimwambie mteja subiri dakika tano wakati unajua ni saa tano. Na ukitukanwa, usiamini kwamba wewe ndiye uliyekosea.

Simu zile za mwaka 2008 zilikuja kufunguka. Seva ziliinuka, watu wakapiga simu zao, na leo hata aliyekesha barabarani hana haja nayo tena. Lakini neno alilomwambia mhudumu asubuhi ile, kama lilikuwa kali, halikuzeeka kama simu. Huenda kuna mtu analikumbuka mpaka leo.

Mungu atusaidie kudai haki zetu bila kumdhulumu mtu mwingine.